Kinachokuja kwa Nyuma

...na kwa hiyo, waheshimiwa majaji, dola inayowatisha raia wake, endelea, usigeuke, majaji wenyewe leo ni viti vitupu, mazoezi tu, ila nyuma yangu yuko Radi, nahodha wetu wa mdahalo, na mkanda wake mkononi, kabla ya fainali kila msemaji hupitia hapa, wewe unahutubia, yeye anakuzunguka, anakuchapa wakati anaoujua mwenyewe, ukishtuka tu nafasi yako kwenye timu imekwenda, ndivyo tunavyotolewa woga, eti, dola inayowatisha... "Sauti, mwanangu! Unahutubia au unabembeleza mtoto?" na wenzangu wanacheka, cheko la waliokwisha kupona, hacheki mwenzangu wa chumbani tu, pale mlangoni, leso mdomoni ina damu bado, jana chuma cha mkanda kilimpasua mdomo, na bado yeye ndiye aliyeomba radhi, samahani kaka, niliogopa, na Radi akamshika bega kwa upole wa daktari, "Woga ni ugonjwa, dada, sisi tunakutibu," na mimi mwenye ulimi wa wembe nikameza, nikalala na ugonjwa wangu, nikaamka nao, mpaka asubuhi hii, mwalimu wa isimu, mwenyewe nusu amelala, akaandika ubaoni *fear*, yaani woga, akasema zamani kwa Waingereza neno hilo halikuwa jina la hisia, lilikuwa jina la balaa la ghafla, shambulio, kuviziwa, baadaye ndipo likahamia kifuani mwa aliyeviziwa, akafuta ubao, akapiga miayo, likahamia! nani alilihamisha, mtu anapigwa kisha anabebeshwa na jina la kipigo... "Shingo imekakamaa, mwanangu, unaogopa?" soli zake zinasaga sakafu, mgongo wangu unawaka kabla ya kuguswa, magoti yanataka kukimbia, na yana haki, hayaumwi chochote, natamani niunyakue huo mkanda niuvishe shingoni mwake nivute mpaka macho yamtoke, pumua, fainali, tangu niingie chuo sina ndoto nyingine, basi na iende, nimejipekua kifua chote nikitafuta woga niutoe, kumbe haukuwa humo, umevaa viatu, uko hatua moja nyuma yangu, unanuka jasho, achape, nitashtuka mbele yao wote, nitapiga ukelele wa kupasua madirisha, kisha nitamtaja kwa jina lake la kwanza kabisa, shambulio, soli zimenyamaza, mkono unapanda, bado sijageuka, bado, lakini shingo imeshaanza