Pawatila ya Baba Kabula

Pawatila, trekta dogo la kulimia linaloongozwa kwa mikono, ilishushwa dukani Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi mvua ya kwanza ikanyesha Mpanda. Wengine waliifurahia. Annonciata aliisikia ikipiga bati la duka lake akajisikia mzito, kwa kuwa alijua itamleta baba Kabula kutoka Kabungu kabla jua halijapanda, na neno la kumwambia hakuwa nalo.

Habari ilianza mwezi wa tisa. Baba Kabula, Nkwabi kwa jina lake, alikuja dukani na mkewe Nyanzala kuulizia mashine ya kulimia. Annonciata, ambaye marehemu mumewe alimwachia lile duka la pampu na vipuri, alitaja bei: milioni nane na nusu. Akaomba alipwe siku ileile, ili naye amlipe wakala wa Dar es Salaam kabla mambo hayajageuka. Nkwabi alicheka.

"Mayu," alisema, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama wanayemheshimu, "ng'ombe halipiwi akiwa bado porini. Lete mashine, niisikie ikinguruma, hela unapata saa hiyohiyo."

"Na bei ikipanda?"

"Ipande vipi? Si umeshaitamka?"

Akamwita fundi baiskeli wa jirani awe shahidi, akanyoosha mkono. Kwao, mnadani, bei ikishatamkwa mbele ya shahidi na mikono ikashikana, hata ng'ombe akivunjika mguu njiani neno halirudi. Annonciata alijua kwamba bei ile haikuwa mali yake. Ilitoka Dar, na Dar waliitoa kwenye dola. Lakini biashara ilikuwa imelala, mteja alikuwa mbele yake, akaona haya kuuacha mkono wa mtu ukining'inia hewani. Akaushika.

Nkwabi akaenda kuuza maksai wake wanne wa kulimia. Annonciata akamtumia wakala nusu ya fedha, zile ambazo zingenunua vipuri vya msimu. Ndipo shilingi ikaanza kuteleza, kama gunia lililofungwa vibaya nyuma ya baiskeli. Mwanzoni ilikuwa habari ya redioni tu. Kisha ikafika kwenye dizeli, ikafika kwenye mbolea, ikafika kwenye mikanda ya mashine za kusaga. Wakala akapiga simu: dola hazipatikani benki, anayetaka mashine aongeze. Annonciata akauza pampu mbili kwa hasara, akaongeza. Wakala akapiga tena. Kila jioni, nyumbani kwake Ilembo, alisali rozari akimwomba Mungu aishike shilingi, hata kwa mwezi mmoja. Haikushikika. Mashine ilipofika ilikuwa imemla yeye mwenyewe zaidi ya milioni tisa, bado faida.

Wa kwanza kuingia asubuhi ile hakuwa Nkwabi. Alikuwa Dieudonne, mkulima wa tumbaku wa Katumba, aliyemfahamu Annonciata tangu wakiwa watoto. Aliizunguka mashine mara moja tu.

"Mama Ernestine, hii ni yangu. Kumi kasoro laki mbili. Nalipa sasa hivi."

"Ina mwenyewe."

"Amelipa?"

"Tumeshikana mikono."

"Mikono!" Dieudonne alicheka hadi akaegemea kaunta. "Nenda basi na huo mkono kwa wakala, uone kama atakupa hata nati."

"Wewe unacheka tu. Wenzio wote tunalia."

"Tumbaku yetu inanunuliwa kwa dola, dada. Ikipanda, tunapanda nayo. Miaka yote nyie mlinicheka mimi na tumbaku yangu. Mwakani bei ya mbolea itaninyang'anya kila kitu, basi acha nicheke leo."

Hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti akakaa, kama mtu anayejua kwamba njaa ya muuzaji itamfanyia kazi.

Nkwabi na Nyanzala wakafika kwa bodaboda, wamelowa. Nkwabi alipitiliza moja kwa moja hadi kwenye mashine, akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma, naye akatabasamu mpaka Annonciata akatamani ardhi immeze.

"Baba Kabula, zima kwanza. Tuongee."

Akawaeleza yote. Simu za wakala, fedha alizoongeza, bei ya sasa. Hakuficha hata lile la Dieudonne. Nkwabi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nyanzala ndiye aliyejibu.

"Huyo dola, mama Ernestine, mimi sijawahi kumwona. Ana pembe?"

"Hana pembe, mama Kabula."

"Basi mbona anatupiga hivi? Mume wangu ameuza ng'ombe wanne, kila mmoja anaitika jina lake. Kwa neno lako."

"Nilimwambia alipe mapema."

"Ulimwambia. Halafu ukampa mkono."



"Acha, mke wangu," Nkwabi alisema taratibu. "Maksai hawarudi, aliyewanunua amewapakia lori. Zilizopo ni hizi nane na nusu, hakuna nyingine. Tutalima kwa jembe. Tulianza hivyo."

"Tulianza tukiwa vijana, baba Kabula. Huu mgongo wa leo ni mwingine."

Annonciata aliingia stoo, akapiga magoti katikati ya rafu tupu. Alitaka Bwana amwambie neno moja tu, uza au usiuze. Hakusikia kitu ila mvua. Akabaki pale amechoka, na mawazo yakaja yenyewe. Nyongeza ya Dieudonne ingerudisha vipuri kidogo na kulipa ada ya shule ya binti yake Ernestine. Lakini isingeleta mashine nyingine. Kabla hajaagiza, bei ingekuwa imeshamkimbia tena. Biashara ya mashine ilikuwa imemshinda, auze kwa huyu au kwa yule. Alichoweza bado kukiokoa ni shamba la watu wawili kule Kabungu, na mvua ilikuwa imeshaanza.

Akajifuta magoti, akatoka.

"Chukua, baba Kabula. Nane na nusu, kama tulivyosema."

Dieudonne alisimama. "Dada, hiyo si biashara. Hiyo ni sadaka."

"Si sadaka. Nalipia ulimi wangu."

"Na ada ya mtoto utailipa na nini?"

"Sijui. Kaa ukijua kwamba sijui."

Dieudonne alimtazama, akatikisa kichwa, akatoka kwenye mvua bila kuaga. Nkwabi alifungua fundo la kanga ambalo mkewe alilibeba kifuani, akaweka fedha kaunta kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Tutakuombea, mama Ernestine," Nyanzala alisema.

"Niombeeni. Lakini watu msiwaambie bei."

Nyanzala akacheka kidogo, kisha akakumbuka jambo. "Na mkanda ukikatika? Vipuri tutavipata kwako?"

Annonciata aligeuka kuangalia rafu zake, ingawa hapakuwa na haja.

"Kwa sasa hapana. Endesheni polepole."

Uso wa Nkwabi ulipungua nuru. Hata hivyo aliiwasha mashine, akaitoa hadi barabarani kwenye tope, mkewe akifuata kwa miguu.

Annonciata hakujisikia amebarikiwa. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo mmoja na kuona mwingine unamsubiri palepale. Alikuwa bado anafagia tope la magurudumu alipoingia mteja wa pampu ndogo ya bustani, aliyobaki nayo moja tu.

"Hii bei gani, mama?"

Jibu lilimfika mdomoni, akalimeza. Aliegemeza fagio, akamsogezea mtu yule kiti.

"Kaa kwanza, baba. Ngoja nipige simu Dar."

Akajifanyia ishara ya msalaba, akatafuta namba ya wakala.