Tawi Bichi Njia Panda

Mchungaji wa misheni ya karibu na Makwale alikuwa mtu wa kupanga. Kipupwe kile alitaka kuwapeleka wanawe, waliochoshwa na homa za bondeni, wakapige kambi wiki mbili juu ya milima ya Ukinga. Akaandika kila kitu kwenye karatasi: mahema mawili, sufuria, mablanketi, wapagazi kumi na wawili. Kiongozi wa njia, Zebedayo. Mpishi, Anyisile. Akapiga mstari chini, akaridhika. Maskini, hakujua kwamba amewafunga mzigo mmoja watu wasioonana.

Maana Zebedayo alikuwa baba mkwe wa Anyisile, na kwa Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, hawatajani majina wala hawapishani njiani. Ndiyo maana vijana hujenga kijiji chao mbali na baba zao. Wote wawili walikuwa wamebatizwa, lakini maji ya ubatizo huosha dhambi, hayaoshi heshima. Miaka minne ya ndoa, Anyisile alichokijua cha mzee yule ni kikohozi chake tu. Akikisikia, hutupa jembe akajitosa migombani.

Na bado safari hii aliitaka mpaka usingizi ukamruka. Mama yake alikuwa Mkinga, aliyerudi kwa kaka zake huko milimani baada ya kufiwa na mume. Sasa magoti yamemkataa, hawezi kushuka. Tuntufye, mtoto wa Anyisile, alikuwa na miezi minane, na bibi yake hajamtia machoni. Mwanamke hawezi kupanda milima ile peke yake na mtoto mgongoni; chui wapo. Nafasi ni hii, na nyingine haijulikani.

Mumewe, Andongwisye, akaenda misheni kueleza.

"Kama wamegombana, wapatane," alisema Mchungaji.

"Hawajagombana, Bwana. Wanaheshimiana."

"Heshima gani hiyo ya kukimbiana?"

Andongwisye alieleza hadi jasho likamtoka. Mwishowe Mchungaji akashika kalamu. Zebedayo hafutiki, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeijua njia yenye maji. Akafutwa Anyisile. Mahali pake akaandikwa mke wa Hezroni, ambaye hata ndizi za kuchemsha huziunguza.

Anyisile alilia waziwazi, bila kujificha. Kwa mara ya kwanza aliichukia mila ile, kisha akaona aibu kuichukia, maana ni mama yake huyohuyo aliyemfundisha.

Asubuhi ya tatu kikohozi kikasikika njiani. Akamnyakua mtoto, akakimbilia migombani, akageuza mgongo. Zebedayo akaketi uani na mwanawe. Mzee yule kwa kawaida alisema taratibu, lakini siku hiyo alipaza sauti utadhani Andongwisye ni kiziwi.

"Ugonile, mwanangu. Nisikilize vizuri. Natoka kwa Mchungaji. Nimemwambia, kiongozi si lazima aonekane mgongo. Mimi nitatangulia siku moja. Kila njia panda nitaweka tawi bichi kwenye njia isiyofaa. Mkiliona, msipite hapo. Penye maji nitasimika ufito. Huko juu nitafyeka mahali pa mahema, na kibanda changu kitakuwa ng'ambo ya kijito. Maji nitateka alfajiri. Jua likichomoza, kijito ni cha wengine. Nikitembea nitaimba nyimbo za kanisani, na sauti yangu unaijua, hata chui atahama."

"Na Mchungaji amekubali?"

"Amekuna kichwa sana. Kisha akamwandika upya yule mpishi wa kwanza." Jina hakulitaja.

"Lakini baba, ulale peke yako kwenye baridi ile, kwa umri huo?"

Zebedayo akainua uso kuelekea milimani. "Kuna bibi huko juu hajamwona mjukuu wake," akasema. "Mimi wa kwangu huletewa nikampakata kila ninapotaka. Mtoto ni huyohuyo mmoja. Si haki."

Nyuma ya migomba, Anyisile aliyasikia yote. Atashukuru vipi mtu asiyeruhusiwa kumsemesha? Akamwinua mtoto hadi uso kwa uso, na sauti ikamtoka, kubwa kuliko alivyokusudia.

"Tuntufye, baba, mwambie babu yako: ndaga fijo!"

Anyisile akafumba macho. Miaka minne mzee hajaisikia sauti yake, na sasa ameisikia. Hakujua kama amekosa au vipi.

Kikohozi kikasikika, kifupi.

"Andongwisye," alisema Zebedayo, "huyu mtoto wako ameanza lini kusema?"

"Leo, baba."

"Anasema vizuri." Mzee akainuka, akaokota fimbo yake. "Mwambie achukue mablanketi mawili. Huko juu kuna baridi."