Mwale wa Siku za Kazi

Jumatatu asubuhi, Mounira alikuwa jikoni kwake Kasongo akichuja uji wa mchele kwa kitambaa, maana siku hizo koo lake lilikataa hata chembe. Miaka yote alikaanga vitumbua sokoni huku akiwatania wateja. Sasa kitumbua kimoja kingemkaba mchana kutwa. Ndipo mwale wa jua ukaingia kupitia tundu la msumari kwenye bati, ukapinda kwenye kona ya kabati, ukatua kifuani pake.

"Toka, iko moto," Mounira akauambia.

Haukutoka. Alipohamia chumbani, ukamfuata. Alipoziba dirisha kwa kitenge, ukapita chini ya mlango kama paka. Ulikaa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ukaenda zake.

Daktari Ruphin alipokuja kumwona hakushangaa. Ni yeye aliyemweleza, baada ya kipimo cha Bukavu, kwamba saratani iliyoota katika umio wake imeshikamana na njia ya pumzi na kisu hakiwezi kuigusa. Kilichobaki ni tiba mbili kwa pamoja: mionzi ya kuichoma, na dawa ya kutundikiwa mshipani ili mionzi iikute imelegea. Mashine ya mionzi haikuwako jimbo lote la Maniema. Daktari alikuwa amemwombea safari ya kuifuata, na jibu lilingojwa kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo.

Akauchungulia mwale, akapima kwa vidole viwili. "Iko pahali pake kabisa, mama."

"Na dawa?"

"Dawa haijue kupita kwa tundu."

Mwale ukaja kila siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili ulipumzika, na sikukuu ya taifa haukuonekana kabisa. Mounira alikasirika, daktari akamwambia hata mashine za Ulaya hupumzika vilevile. Ngozi ya kifua ikaiva, ikawa nyeusi kama chungu. Ikafika siku akameza uji usiochujwa. Alilia kidogo, kisha akaomba chumvi.

Habari zikafika kijiji cha Lusangi. Mkulima mmoja, papa Célestin, aliyekonda hadi mkanda kumzunguka mara mbili, akaletwa kwa pikipiki na ugonjwa uleule. Mounira akasogea kwenye mkeka.

"Karibia, papa. Hii jua haina wivu."

Mwale ukajigawa, ila kila mmoja alipata mwembamba. Daktari hakuwaficha: mionzi peke yake inasukuma mlango, lakini bila dawa mlango hurudi. Na kweli, wiki hiyo Mounira alianza tena kukabwa, naye Célestin akawa hawezi kumeza hata mate.

Ndipo akaja mkubwa wa serikali kutoka Kindu, bwana Atumani, pamoja na ngoma, fulana zenye picha yake, na kibao kilichoandikwa KITUO CHA MIONZI. Alikipigilia mwenyewe juu ya mlango wa Mounira. Aliingia, akausalimia mwale kwa mikono miwili, akahutubia. Kwa kuwa Kasongo sasa ina mionzi yake, alisema, hakuna tena sababu ya mgonjwa kusumbuliwa na safari. Ile ya mama Mounira imefutwa, kwa faida yake mwenyewe.

Watu wakapiga makofi. Mounira naye akapiga, kwa adabu ya mwenye nyumba.

"Na dawa, mheshimiwa?" daktari akauliza.

"Polepole, dokta. Tumeanza na kibao."

Ugali na nyama ya mbuzi vikaletwa. Tonge la pili likamkwama Atumani. Akanywa maji, yakarudi. Akamnong'oneza daktari kwamba mambo hayo yalimwanza tangu masika. Daktari akamwuliza maswali machache.

Mounira aliyajua maswali hayo; ndiyo aliyoulizwa yeye kabla ya Bukavu. Akasogea tena, Célestin naye akasogea, Mounira akapigapiga mkeka katikati yao.

"Kuja, mwanangu. Nafasi iko."

Atumani akautazama mwale, akaweka mkono kooni. "Aksanti sana, mama. Kesho niko na ndege."

"Ya wapi?"

"India. Kule wanatoa tiba zote mbili pamoja."

Célestin, ambaye tangu aje hakuwa ametoa sauti, akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Nje gari likawashwa, ngoma zikalifuata. Mounira alimpapasa mgongo hadi akatulia, kisha akalegeza ukosi wa gauni lake, wakalala chali wote wawili, maana muda wa mwale ulikuwa haujaisha.