Kanda Isiyosalimia

Kanda za kutoka ng'ambo tulijua zinavyoanza. Mtu anakohoa, anataja jina la Mungu, halafu anasalimia watu mmoja mmoja mpaka unajiuliza kama habari yenyewe itapata nafasi. Mohamednoor, mume wa rafiki yangu Anab, alikuwa hodari wa hizo salamu. Kutoka Toronto alinikumbuka hata mimi, Mkikuyu anayeuza mitumba mbele ya duka la mke wake: "Na Mama Theuri, bado anasumbua watu hapo Nanyuki?" Kwa hivyo kanda ilipoletwa mwaka ule wa tisini na nane, baada ya kimya cha karibu miaka miwili, nilifunga kibanda mchana kweupe na kuvaa kitambaa kipya kichwani. Mtu hasalimiwi akiwa ovyo.

Anab alikuwa ameketi dukani kando ya redio kaseti, mikono mapajani. Kaka yake Garad alisimama mlangoni. Yeye alishasema lake: kanda isipotaja siku ya mume kurudi, Jumatatu wanaenda kwa kadhi Isiolo, ndoa ivunjwe. Dada yake si mzigo uliosahauliwa stendi.

Anab akabonyeza.

Gitaa moja likaanza, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Tukangoja. Gitaa likarudia yale yale.

"Huyu ameanza kupiga muziki?" Garad akauliza.

"Ngoja, bwana. Hata redio huweka muziki kabla ya matangazo ya vifo."

Aliniangalia vibaya. Gitaa la pili likaingia, kisha fidla, kisha ngoma kwa mbali, kama mvua ya kutoka mlimani inavyogonga mabati ya watu wengine kwanza. Halafu ikatufikia. Redio ndogo ilitetemeka kwenye meza. Hakuna mtu aliyeimba, hakuna aliyesema neno.

"Ni wale vijana wa chini," Anab akasema ghafla. "Mama Theuri, unakumbuka? Alisema anakaa juu ya chumba wanapofanyia mazoezi. Ati kwanza walimkosesha usingizi, sasa wakinyamaza ndipo hapati usingizi."

Nilikumbuka. Kwenye kanda ile ya mwisho alisema pia wanataka kutoa albamu, ya kwanza, na kwamba hawana mwimbaji. Nilicheka sana siku hiyo. Bendi bila mwimbaji ni kama harusi bila bibi arusi, nilisema.

Upande wa kwanza ukaisha. Tukageuza, upande wa pili ulikuwa mtupu, ukivuma tu.

"Umesikia jina lako, abaayo?" Garad akauliza dada yake, kwa upole sasa.

"Bado."

"Bado nini? Imeisha."

"Mume wangu aliaga anaenda Kagio kununua nyanya," nikasema. "Mwaka wa themanini na saba. Naona hazijaiva."

Anab akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya shungi, akanipa kanda. Niliirudisha mwanzo kwa kuizungusha na kalamu, kuokoa betri.

Mara ya pili tukasikia tusichosikia kwanza. Mohamednoor alikuwa amefungulia muziki wa wale vijana chumbani kwake, akaweka redio yake mbele ya spika akarekodi hivyo hivyo, chumba kizima kikaingia. Penye gitaa peke yake, kijiko kiligonga kikombe. Kiti kikalia. Akakohoa, kile kikohozi chake kikavu.

"Anakunywa chai," Anab akanong'ona. "Peke yake. Kikombe ni kimoja."

Muziki ulipoisha hakuzima. Redio ilivuma kidogo, kisha pumzi ikavutwa, karibu kabisa, pumzi ya mtu aliyefungua mdomo aseme. Tukainama wote watatu, Garad pia. Kisha: *tak*. Amezima.

"Alitaka kusema," nikasema.

"Kutaka ni kutaka tu," Garad akajibu.

Anab akazima redio. "Kama angekuwa na siku, angeitaja," akasema. "Huyo hajui kuficha jambo jema. Ameshindwa, ameona aibu, akanitumia anachosikiliza akiwa ameshindwa." Akamgeukia kaka yake. "Jumatatu tutaenda Isiolo."

Garad alikuwa ameshinda, lakini alisimama pale akichezea ufunguo kama mtu aliyefika ofisi isiyo yake. Mwishowe akasema anaenda kuswali, akatoka.

Nilidhani Anab atatoa kanda airushe huko. Akachukua kalamu akairudisha mwenyewe, akabonyeza tena, akaegemeza shavu kwenye redio.

Ile ngoma ya kama mvua ya mlimani ilikuwa imetupita mteja alipoingia kuuliza bei ya leso. Anab hakuinua kichwa. Alimwonyesha kiti kwa mkono.

"Kaa kidogo, dada," alimwambia. "Hapa karibu avute pumzi."