Alama za Uso

Wazungu walikuwa wamepima mengi katika nchi hii: mashamba, reli, kina cha ziwa, hata pamba ya mkulima ilipimwa huku mwenyewe akitazama mizani kwa wasiwasi. Lakini mwaka 1958, wakubwa wakiwa wanabishana mambo ya kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, alifika Mwanza mmoja aliyetaka kupima akili. Msicheke. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, jina lake Misi Leni, na alikuja na barua ya wakubwa wa elimu, sanduku la karatasi nyeupe, na penseli zilizochongwa vizuri kuliko za mwalimu yeyote mjini.

Sihaba binti Yunus alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la nne. Alitaka nafasi katika shule ya bweni ya wasichana. Nafasi zilikuwa sita, wasichana arobaini, na kipimo cha Misi ndicho kingechagua. Mama yake, Mwanaheri, alikuwa amekwisha kurudisha posa mbili.

"Wa kwanza nilimpa kahawa, akaenda zake," alimwambia asubuhi ya siku ile, akimfunga vifungo vya gauni. "Wa pili nilimpa kahawa na maneno. Wa tatu sitamweza, baba zako wadogo wamenichoka. Ukikosa shule, mwanangu, mimi sina tena la kusema."

Sihaba alielewa. Lakini alikuwa na hamu nyingine, ya zamani kuliko ya shule, na hiyo hakumwambia mtu. Alitaka kumwona baba yake.

Yunus alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Sihaba akiwa na miaka sita, baba alivuka ziwa kwenda Kamanga na cherehani yake imefungwa kwenye gunia, akaendelea mpaka Geita kuwashonea watu wa machimbo. Homa ikamkuta hukohuko, akazikwa hukohuko, na kilichorudi nyumbani ni cherehani. Picha hakuacha. Hakuwahi kukanyaga studio, maana katika jambo hilo alikuwa mgumu: kuumba sura ni kazi ya Mungu, na mwenye kuchora uso ataambiwa siku ya kiyama autie roho, naye hataweza. Sihaba alipokuwa akichora watu kwa chaki ya fundi pale barazani, baba hakumkaripia. Alimwambia tu, "Chora nguo, mama. Nguo zichore uzuri kabisa. Uso mwachie Mwenyewe."

Kwa hiyo palikuwa na mahali pamoja tu pa kumwona. Alasiri mama akimsuka, naye akifumba macho bila kujilazimisha, ilitangulia harufu ya pasi ya mkaa. Kisha mlio wa cherehani. Kisha, kwa muda wa kupepesa jicho, uso. Baba alikuwa na desturi ya kubana pini midomoni akimpima mtu, na kwa sababu ya zile pini alicheka kwa macho peke yake. Sihaba aliyaona macho yale yakicheka, halafu yakatoweka. Akiyakimbilia, yalitoweka upesi zaidi. Siku nyingine hayakuja kabisa, na siku hizo alisogeza sahani kando. Jamani, mtoto yule alimtaka baba yake!

Sasa kipimo. Aliyewekwa kumsaidia Misi kutafsiri na kuhesabu alama alikuwa Mwalimu Nkwabi wa darasa la Sihaba, Msukuma wa Misungwi, mtu wa maneno machache. Misi alimweleza kwamba watoto wa hapa wengine nyumbani wanasema Kisukuma, wengine Kikerewe, wengine Kijita au Kijaluo, na ukiwauliza kwa maneno utawaonea. Picha haina lugha. Kila mtoto angeambiwa jambo moja: chora mtu, mchore vizuri kadiri unavyoweza. Basi.

Uzuri wa picha haukuwa kitu. Kilichohesabiwa ni mambo ambayo mtoto amekumbuka kwamba mtu anayo. Kichwa, alama moja. Shingo, moja. Vidole, moja, na vikiwa vitano kamili, nyingine. Macho moja, mboni moja, nyusi moja, pua, midomo, na kila kimoja kikichorwa sawasawa, nyingine, na kuendelea hivyo hadi alama hamsini na moja. Kila alama ilikuwa miezi mitatu ya umri wa akili, juu ya miaka mitatu ya kuanzia. Umri wa akili ukiugawa kwa miaka ya kuzaliwa, ukazidisha kwa mia, umeipata akili ya mtu. Misi aliwataka wa mia na kupanda.

"Na huruma, Misi, ina karatasi yake?" aliuliza Nkwabi.

Misi akacheka, akidhani ni mzaha.

Walichora watano watano, katika chumba cha mwisho cha shule. Sihaba alipoambiwa achore mtu hakusumbuka kuchagua. Mtu gani mwingine? Alichora koti lenye mifuko minne, matundu ya vifungo, mshono wa bega, futi imening'inia shingoni, subana ya kuzuia sindano kidoleni, vidole vitano kila mkono. Suruali aliipiga pasi kwa penseli mpaka mikunjo ikaonekana. Juu akachora kofia, na chini ya kofia akaacha peupe.

Misi alipita, akaitazama karatasi, akasikitika waziwazi. Hakusema neno, kwa sababu kanuni ilikataza, akatoka barazani kunywa chai yake. Nkwabi akahesabu kwa macho. Koti lote lile, mishono na mikunjo, lilistahili alama tano, maana nguo zilikuwa zimetengewa tano tu. Jumla ishirini. Umri wa akili, miaka minane. Binti ambaye yeye mwenyewe alimtuma kusahihisha hesabu za wenzake alikuwa na akili sitini na saba! Nkwabi akatazama mlango, akainama.

"Sihaba, mtu wako hana uso."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umesahau?"

"Sijasahau. Baba alikataza."

Nkwabi akatazama tena mlango. "Mimi ni Mkristo, hilo siwezi kukuamulia. Ila karatasi haijui kwamba ulikatazwa. Itasema hujui kama mtu ana macho. Nafasi ni sita."

Sihaba aliutazama ule weupe. Alimfikiria mama na kahawa yake. Na tuseme kweli, lilimjia na wazo jingine, tamu: ikiwa ni lazima achore, basi amchore yeye hasa. Awe naye kwenye karatasi, amtazame macho yakiwa wazi, kadiri anavyotaka, asitoweke. Akafumba macho. Njoo, baba. Njoo sasa hivi.

Harufu ya pasi haikuja. Ilikuja harufu ya chaki na jasho la watoto. Akayabana macho mpaka yakamuuma. Cherehani haikulia. Barazani kikombe kikawekwa kwenye kisahani, na viatu vya Misi vikaanza kurudi. Sihaba akafumbua macho akachora upesi upesi: macho mawili ya duara na mboni zake, nyusi, pua iliyonyooka na matundu yake, midomo miwili iliyofumbwa, kidevu, masikio, na nywele zilizochungulia chini ya kofia. Ulikuwa uso wa mtu yeyote yule. Misi aliingia, akaichukua karatasi, akatabasamu.

Mia na nne! Mwanaheri alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Baba wadogo walikuja, wakanywa chai, wakasema hewala, na habari ya posa ikaishia hapo. Sihaba naye alifurahi, tusimnyime haki yake. Alicheza uani mpaka kanga ikamdondoka.

Jumamosi mama alimkalisha amsuke nywele za safari. Sihaba akafumba macho. Harufu ya pasi ikaja. Cherehani ikalia. Halafu uso ukaja, na haukutoweka. Ulikuwa wa penseli. Macho ya duara yalimtazama bila kucheka, na midomoni hamkuwa na pini hata moja. Alisubiri uondoke ili ule mwingine upate nafasi. Haukuondoka. Kesho yake ukaja uleule, na keshokutwa. Kila alipouita uliitika mara moja.

Jumatatu alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Nkwabi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kulikoni, mama? Si ungekuwa unafunga mizigo?"

"Naomba karatasi yangu. Nataka niufute uso."

Nkwabi alimtazama, akavuta kiti, lakini hakukaa. "Masanduku ya Misi yalipanda treni Ijumaa. Yatakuwa yanakaribia meli ya Ulaya sasa."

Sihaba akaanza kulia. Alimweleza yote, pasi na pini na macho yaliyocheka, akimeza maneno kwa kwikwi.

"Nilidhani nakusaidia," alisema mwalimu.

"Ulinisaidia, mwalimu," akajibu, na hakuwa anamkejeli. Angemwambia nini mama, kwamba heri angerudi na sitini na saba?

Shuleni alifanya vizuri, kama karatasi ilivyoahidi. Jumapili moja mchana walikuwa wakikunja mashuka, yeye na Getruda, msichana wa Sengerema aliyelala kitanda cha pili. Getruda alifiwa na baba yake akiwa bado mgongoni, na hakuwa na lolote la kumkumbukia.

"Wako alikuwaje?" aliuliza.

"Macho ya duara," alisema Sihaba. "Nyusi nzito. Pua imenyooka. Midomo ameifumba." Hakusita hata mara moja.

Getruda aliliacha shuka, akamtazama kwa wivu mwema. "Una akili wewe, jamani! Tangu una miaka sita, na bado unamwona hivyo?"

"Kila nikitaka," alisema Sihaba.

Na hiyo ilikuwa kweli. Alikuwa amemweleza mwenzake mtu ambaye hakuzaliwa na mama yeyote, na baba mwingine wa kumweleza hakuwa naye tena.