Viatu Ndani ya Sufuria

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha makala, mkaa wa jiko, Lucienne alimuuliza baba yake swali moja.

"Baba, mimi ni nani?"

Muzee Roger alimtazama, akakunja uso, akatafuta. Halafu: "Weye ni Lucienne. Mutoto wangu wa mwisho."

Basi, Lucienne akapumua, siku ikaanza. Lakini kulikuwa na asubuhi ambazo muzee alimwita Alphonsine, jina la mke wake aliyezikwa miaka sita iliyopita, na hapo Lucienne hakukubali hata kidogo. Alimshika mikono yote miwili. "Hapana, Baba. Mama alikufa. Nitazame vizuri." Alimshikilia hivyo mpaka muzee arudi. Mara nyingine alirudi upesi, mara nyingine uji ulipoa wote.

Tanti Léonie, dada ya muzee, hakupendezwa. "Umwitikie tu, mama. Akikuita Alphonsine, sema ndiyo. Unamchokesha bure." Na huyo huyo Tanti, dakika tano baadaye, angesema ugonjwa huu una mtu aliyeutuma, na dawa yake ni kufunga siku tatu katika chumba cha maombi. Usimuulize ataanza na lipi. Patou naye, kaka ya Lucienne, alikuwa na dawa yake mfukoni: kadena, kufuli kubwa la chuma, jipya. Amfungie mzee chumbani, aweke ufunguo shingoni, mambo kwisha. Patou alikaa upande mwingine wa Bunia na alikuja kwetu mtaani Rwambuzi siku za Yenga, Jumapili, baada ya misa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Baba si mbuzi," Lucienne alimwambia. "Na mimi sitamdanganya. Siku nikikubali kuwa Alphonsine, nani atamkumbuka Lucienne?"

Hayo aliyasema siku ya Yenga. Siku ya pili yake, saa tano za asubuhi, alichukua bidoni akaenda kuchota maji kwenye bomba la barabarani. Alimwacha mtoto wake Joyeuse, wa miaka miwili na nusu, amelala kwenye mkeka. Muzee alikuwa kando yake, anapiga randa kipande cha mbao, maana alikuwa seremala maisha yake yote na mikono ilikuwa haijasahau kitu. Bomba lilikuwa hatua mia tu. Nani angekatazwa kwenda hatua mia?

Ndipo tairi ya kamio, lori la mizigo, ikapasuka pale barabarani. Paa, kama bunduki! Mbuzi wakatawanyika, mama mmoja akaangusha beseni la nyanya, halafu watu wakaanza kucheka, maana huku kwetu mtu akishtuka hivyo na kukuta ni tairi tu, atafanya nini zaidi ya kucheka? Lucienne alicheka pamoja nao. Kisha akamkumbuka baba yake, akaacha kucheka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Aliacha bidoni ikijaa, akakimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Randa ilikuwa chini. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Baba? Joyeuse?" Chumbani hakuna. Chooni hakuna. Nyuma ya nyumba, kwenye mihogo ya sombe, hakuna. Kila wiki muzee alisema anarudi kijijini Bule alikozaliwa, na Mungu wangu, nani leo anashika barabara ile ya hatari kwa miguu, mzee asiyejijua, na mtoto mgongoni? Lucienne alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka.

Watu walikuja. Hilo tusiwanyime, Rwambuzi ukilia watu wanakuja, ila wanakuja na midomo yao. "Mimi nilisema," mama wa jirani alinong'ona kwa nguvu ili asikike. "Muzee anayesema peke yake usimuachie mutoto. Unajua anasema na nani?" Lucienne alimsikia. Angemrukia, lakini kwanza mtoto.

Patou alipigiwa simu, akafika na moto, pikipiki yake, nyuma yake wakikimbia vijana sita na fimbo. Wengine walikwenda upande wa mto kupiga nyasi. Wengine waliingia ndani kutafuta upya. Waligeuza vitanda, wakapiga kuta, wakafungua kabati. "Muzee! Toka! Tunajua uko humu, toka!" Patou alipiga kelele kuliko wote, maana alikuwa na hofu, na hofu ya Patou siku zote hutoka kama hasira. "Nilikwambia nini, Lucienne? Kadena ilikuwa hapa! Hapa mfukoni!"

Saa nzima ikapita. Jua lilikuwa limeshika mabati, nyumba ikawa tanuru. Koo la Lucienne lilikauka hata mate hayapiti, akaenda pembeni kwenye vyombo kutafuta kikombe. Kilikuwa kimefichwa nyuma ya sufuria kubwa, ile ya sikukuu. Aliisogeza. Haikuwa tupu, kitu kilitikisika ndani. Akafunua mfuniko.

Ndani kulikuwa na viatu. Kandambili za baba yake, na juu yake viatu vidogo vyekundu vya Joyeuse, soli kwa soli, vimepangwa vizuri.

Lucienne aliwahi kuona viatu vikiwekwa hivyo.

Mwaka 2003, wakati wa vita, alikuwa na miaka mitano. Wenye mapanga walipoingia katika nyumba walihesabu kwanza viatu mlangoni, wajue watafute watu wangapi. Kwa hiyo baba alivificha viatu ndani ya sufuria hii hii, mama akafunika, akabaki chini anapika peke yake kama mwanamke asiye na mtu. Patou alikuwa Mambasa kwa mjomba, yeye hajui. Baba alimbeba Lucienne, akapanda juu ya kabati hili hili, akasukuma ubao mmoja aliouacha bila misumari, wakaingia juu ya dari. Giza, joto, vumbi. Chini, nyayo za wanaume na sauti zao: Toka! Tunajua uko humu! Lucienne akataka kulia, na mkono wa baba ukamfunika kinywa na pua. Mkono wa seremala. Kila sauti ilipopanda, mkono ulikaza. Baada ya hapo hakukumbuka kitu. Walimwambia alisinzia. Hawakuzungumza tena habari hiyo nyumbani, yaliyopita si ndwele. Lakini Lucienne alijua hakusinzia.

Akainua macho kwenye dari.

Saa nzima! Saa nzima wanapiga kuta kwa fimbo na kupiga kelele chini ya mtoto wake, na kila kelele inakaza ule mkono.

"Nyamazeni," alisema, na sauti ilikuwa ndogo sana. "Tokeni nje. Wote. Acheni fimbo. Nawaomba, tokeni."

Alimwonyesha Patou juu. Patou akaelewa nusu, akarukia kabati. Lucienne akamvuta shati mpaka likachanika. "Ukipanda atamziba kabisa! Atafikiri ni wao!"

"Basi weye utafanya nini?"

Lucienne alisimama chini ya ule ubao. "Baba. Ni mimi, Lucienne. Shuka, Baba."

Kisha mbao zikalia, krr, mtu anajivuta mbali zaidi, kule kwenye pembe ya paa. Hapo alielewa. Akilini mwa baba, Lucienne wa miaka mitano alikuwa mikononi mwake. Sasa huyu wa chini anayejiita Lucienne ni nani? Ni mtego.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye muzee angemshukia, na Lucienne alikuwa ameapa hatakuwa mtu huyo.

Akachukua mwiko. Akapiga sufuria mara tatu, polepole, kama mama yake alivyopiga. Akaishusha sauti mpaka ikafika pale sauti ya mama ilipokuwa. "Baba Patou. Wamekwenda. Shuka, bugali inapoa."

Hakuna kitu. Patou alikuwa mlangoni, ameuma ngumi.

"Baba Patou, ni Alphonsine wako."

Ubao ukasogea. Vumbi likamwagika. Mikono miwili mikubwa ikashusha mtoto, na mtoto alining'inia, amelowa jasho, alama za vidole mashavuni. Lucienne alimpokea, akampuliza usoni, akamwita, akampuliza tena. Joyeuse alivuta pumzi moja ndefu yenye mikwaruzo. Halafu akalia. Alilia kwa nguvu zote, na sijui kama Rwambuzi imewahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Muzee Roger alishuka nyuma yake, machozi yamechora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Alphonsine," alisema, "nilimubana sana. Aliacha kutikisika. Nimemuua Lucienne?"

Miaka ishirini na mbili alikuwa amelibeba swali hilo, na hakuwahi kumuuliza mtu. Lucienne alitaka kusema, Ni mimi, Baba, nitazame, niko hapa. Alimtazama baba yake alivyokuwa anangoja jibu, akaogopa kulichelewesha hata kidogo.

"Iko muzima, Baba Patou. Sikiliza, si yeye huyo analia? Uliponya mutoto."

Muzee akakaa chini sakafuni, akajifunika uso. Patou alikuja akakaa kando yake. Jioni alipanda juu ya kabati, akaupiga ule ubao misumari kumi na miwili, na kadena akarudi nayo kwake.

Asubuhi iliyofuata Lucienne aliwasha makala. Alimpelekea baba yake uji, akafungua kinywa, na swali halikutoka. Muzee alimtangulia.

"Alphonsine, Lucienne iko wapi?"

"Amekwenda masomo."

"Alipona?"

"Alipona. Alisema nikusalimie."

Muzee alitikisa kichwa, ameridhika, akavuta bakuli. Uji ulikuwa bado moto.