Cherehani Iliyotazama Ukuta

Nimeshona nguo kwa miaka thelathini na hasira zangu zinajulikana mtaa mzima. Dukani kwangu sheria ilikuwa moja tu: kimya. Redio marufuku, soga marufuku. Binti yangu nilimweka kwenye kona ya ndani kabisa, cherehani yake ikitazama ukuta, ili asipate cha kumzubaisha. Nilijiona nimemsaidia sana.

Tunamwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia. Ana miaka ishirini na sita na hajui kutulia. Anaanza upindo, anauacha katikati, anazunguka duka zima akitafuta mkasi alioushika mkononi. Jumatano moja aliacha pasi juu ya gauni la bibi harusi, akatoka kuangalia kama maji yametoka bombani. Aliporudi, kiuno cha gauni kilikuwa kimeungua.

Nilimfokea mpaka wapita njia wakasimama. "Akili zako unaziachaga wapi? Hata mtoto wa chekechea ana afadhali!"

Aliikunja tepu yake taratibu.

"Mama, gauni likichukuliwa Jumamosi, mimi naondoka. Nimechoka kukuharibia kazi."

Nilitaka kumwambia aende zake, lakini nikajizuia. Sina mtoto mwingine.

Kumbe alikuwa anakwenda kliniki kwa siri, na Alhamisi daktari aliomba mzazi afike. Nilikwenda nimenuna. Daktari aliniuliza habari za utoto wake, kisha akasema binti yangu ana hali iitwayo ADHD, tena tangu utotoni.

"Si uvivu, mama. Umakini anao, ila ubongo wake unapata shida kuuelekeza anapotaka. Hata kule kuwa macho kwa ubongo kunapanda na kushuka. Kazi ikiwa ya kimya na ya kujirudiarudia, ubongo unasinzia huku yeye ametoa macho. Ndipo unapotafuta chochote cha kuuamsha."

"Kama maji ya bombani," nikasema.

"Kama hayo. Watu hawafanani, lakini wapo wanaofanya vizuri zaidi penye sauti kidogo. Yeye hufanya vizuri lini?"

Nikakumbuka wiki ile fundi wa kuchomelea alipokuwa akitutengenezea madirisha. Mimi nilifunga kichwa kitambaa kwa kelele zake, nikalala. Kiguu alishona sare arobaini za shule, hata mshono mmoja haukupinda. Nami nikasema amebahatisha.

Niliona haya mbele ya yule daktari. Miaka minne aliyokaa kwenye ile kona nilikuwa namlaza mwenyewe, kisha namgombeza kwa kusinzia.

Ijumaa niliwahi dukani. Niliiburuta cherehani yake hadi mlangoni, ikatazama barabara na fujo zake zote. Nikaazima redio kwa kinyozi. Pasi nikaihamishia mezani kwangu.

Kiguu alifika, akasimama kizingitini.

"Mama, redio? Humu ndani?"

"Keti. Lesi haijishoni yenyewe."

Tulikuwa tumekata kile kipande kilichoungua, na sasa kiuno kilihitaji lesi pande zote. Alishona. Mara mbili aliinuka kutazama barabarani, mara mbili akarudi kitini, nami nikauma meno nisiseme kitu. Kufika adhuhuri lesi ilikuwa imekaa kiunoni kama vile gauni lilizaliwa nayo.

Sikumsikia alipoita. Nilishtuka tu amesimama pembeni yangu, ananifunua mtandio. Akachomoa pamba kwenye sikio langu la kulia.

"Umeziba masikio?"

"Kelele zinanipasua kichwa."

"Sasa mbona umeiwasha hiyo redio?"

"Ili ubaki, mwanangu."

Aliniangalia, macho yakamjaa machozi. Halafu akairudisha ile pamba sikioni, polepole, akaenda kukaa mlangoni.

Jumamosi bibi harusi alichukua gauni lake. Jumatatu asubuhi nilimkuta Kiguu ameshafungua duka, redio inaimba. Mezani kwangu palikuwa na pakiti nzima ya pamba mpya.